Namna ya Kupima Taya la Nyani na Kubaki na Vidole Vyote

Kwanza kabisa, vidole mfukoni.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kibwezi aliyeamka akakuta maembe yake yameng'atwa moja moja na kutupwa. Ni wa mtu wa Mutomo ambaye mahindi yake yalivunwa alfajiri na wasiolima. Ni wa yeyote aliyesimama karibu na mbuyu, akasikia ganda la buyu likipasuka mdomoni mwa nyani dume, akajiuliza: huyu anauma kwa nguvu kiasi gani? Ni swali la haki, tena la kisayansi, na njia za kulijibu ni nyingi. Iliyo mbaya ni moja tu, nayo ni kumnyooshea mkono.

Kitui na Makueni ni mahali pazuri pa kusomea taya. Nyani wa manjano wako tele, tumbili wako hadi nyuma ya jiko, kima wako kwenye misitu ya Kibwezi na Chyulu, na komba hulia usiku kucha. Isitoshe, taya moja mashuhuri sana katika historia ya Afrika Mashariki liliokotwa na mwana wa Makueni. Tutafika huko.

Anza na kinywa ulicho nacho

Wewe pia ni wa ukoo huu, na taya lako halihitaji kibali. Pika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, ila uuepue mapema kidogo, punje zikiwa bado zinakataa. Weka vidole viwili kwenye panja, kisha tafuna. Utahisi kitu kikivimba na kulegea chini ya ngozi. Huo ni msuli wa panja: unaanzia ubavuni mwa fuvu, unapita nyuma ya mfupa wa shavu na kushika ncha ya juu ya taya la chini. Sasa shusha vidole hadi kwenye kona ya taya, chini ya sikio. Hapo kuna msuli wa shavu, mfupi na mnene, unaojikaza fundo kila unapouma meno. Wa tatu hutaufikia kwa kidole, maana uko upande wa ndani wa taya, unavuta sambamba na wa shavu. Mitatu hiyo, kushoto na kulia, ndiyo inayofunga kinywa chako, na ndiyo inayofunga cha nyani.

Kisha weka punje moja kati ya meno ya mbele, ukaze. Ihamishie kwenye gego la mwisho, ukaze tena. Misuli ni ile ile, punje ni ile ile, lakini nyuma inasagika na mbele inakushinda. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye kiungo cha taya, kile unachokihisi kikicheza mbele ya sikio. Taya ni wenzo, na egemeo lake ni kiungo hicho. Jino lililo karibu nacho hupata nguvu nyingi, lililo mbali hupata kidogo.

Kwa hiyo mtu akikuambia barazani kwamba nyani anauma kwa nguvu hii au ile, muulize: kwa jino lipi? Tarakimu nyingi zinazozunguka kwenye simu za watu hazina jino. Zimetajwa tu, zikapendwa, zikasambazwa. Tarakimu isiyo na jino haimfai mkulima wala daktari wa wanyama.

Kipimo chenyewe ni nyutoni. Gunia la mahindi la kilo 90 hukandamiza sakafu kwa nyutoni 880 hivi. Binadamu mzima mwenye meno mazima, akikaza magego kwa nguvu zake zote, mara nyingi hufikia nyutoni 500 hadi 700, na wapo wanaopita hapo. Mtu asiyeweza kulibeba gunia lile hadi sokoni anabeba sehemu yake kubwa juu ya jino moja. Hilo peke yake lilistahili kufundishwa darasa la nne.

Kifaa kipo, lakini si cha kuazima

Wanaopima moja kwa moja hutumia kipande cha chuma kilichobandikwa waya mwembamba sana. Mnyama akikiuma, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, waya hunyooka, ukinzani wake kwa umeme hubadilika, na mashine husoma mabadiliko hayo. Chuma hufunikwa kwa ngozi au mpira, kwa sababu hakuna kiumbe anayekaza meno kwa nguvu zote juu ya chuma kitupu. Kinywa hujilinda chenyewe. Ndiyo maana ile inayoitwa nguvu ya juu kabisa ya kuuma huwa ni nguvu ambayo mnyama amekubali kuitoa siku hiyo.

Mwaka 1983 Paul Dechow na David Carlson walieleza namna ya kukwepa ridhaa ya mnyama: makaka aina ya rhesus, ambao asili yao ni Asia, walilazwa kwa dawa, kifaa kikawekwa kati ya meno, na misuli ikachochewa kwa umeme. William Hylander wa Chuo Kikuu cha Duke alifuata njia nyingine. Yeye alibandika vipimo juu ya mfupa wa taya wenyewe ili asome unavyopinda mnyama anapotafuna. Na huko Costa Rica, Chris Vinyard, Susan Williams na wenzao walifika mbali zaidi. Waliwatia kima wavumaji wa porini nyaya katika misuli ya kutafunia na redio ndogo mgongoni, wakawarudisha mitini, kisha wakakaa chini wakipokea habari za kila tafuno moja kwa moja kutoka juu.

Kazi za namna hiyo hutaka madaktari wa wanyama, wajuzi wa dawa ya usingizi, na kamati za maadili zenye mamlaka ya kusema hapana. Kwetu Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumkamata nyani kwa sababu ya udadisi, hata udadisi uwe mzuri namna gani. Anayetaka kufanya utafiti hupitia tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kuomba leseni, na Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoundwa kwa sheria hiyo hiyo. Kijana mwenye kamba, ndizi na ujasiri atapimwa yeye, kwa chonge, na safari ya hospitali ya kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa itakuwa ndefu kuliko maelezo atakayotoa.

Hesabu ya misuli

Njia ninayoipenda mimi haihitaji mnyama aliye hai. Inahitaji mzoga uliopatikana kihalali, kisu kikali, mizani na subira. Watafiti kama Andrea Taylor wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Unautoa msuli mzima, unaupima uzito, kisha unazifuata nyuzi zake moja moja na kupima urefu. Gawanya uzito kwa msongamano wa nyama ya msuli, gramu 1.0564 kwa kila sentimita ya ujazo, upate ujazo. Gawanya ujazo kwa urefu wa nyuzi, upate eneo la nyuzi zinazovuta pamoja. Kila sentimita mraba ya msuli inaweza kutoa takriban nyutoni 30.

Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, msuli una gramu 100 na nyuzi za sentimita 3. Ujazo ni 94.7, eneo ni 31.6, nguvu ni nyutoni 947 hivi. Sasa chukua msuli wenye uzito ule ule, ila nyuzi zake ni za sentimita 6. Nguvu inashuka hadi 473. Nyama haijapungua hata gramu moja. Imepangwa vingine tu. Nyuzi fupi nyingi huvuta kwa nguvu lakini hazinyooki sana. Nyuzi ndefu chache hunyooka mbali, zikaruhusu kinywa kupanuka, lakini hulipa kwa nguvu.

Hapo ndipo utakapomwelewa nyani dume. Akikaa juu ya mwamba na kupiga miayo akimtazama dume mwenzake, hana usingizi. Anaonyesha chonge. Chonge za juu hunolewa kila siku kwa kusuguana na jino la chini lililo nyuma ya chonge ya chini, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma ni kama kisu. Ili chonge ndefu namna hiyo iwe na faida, ni lazima kinywa kifunguke hadi ncha za juu na za chini ziachane kabisa. Mwaka 2013 Hylander alionyesha kwamba katika nyani na jamaa zake, urefu wa chonge huenda pamoja na upana wa kinywa: madume wenye chonge ndefu hupanua kuliko majike wao, hata ukizingatia urefu wa taya. Kwa hiyo miayo ile uiandike kwenye daftari. Nayo ni kipimo, na unakipata ukiwa umesimama upande wa pili wa bonde.

Komba wa usiku anakufundisha jambo jingine. Kidevu chake ni vipande viwili vya mfupa ambavyo havijaungana. Cha nyani, kama chako, kimeungana kikawa kimoja. Hylander na wenzake walipopima misuli ya shavu ya aina mbalimbali, nyani wakiwemo, waliona kwamba nyani akitafuna upande wa kulia, sehemu ya ndani ya msuli wa shavu wa kushoto huendelea kuvuta hata baada ya mingine kuanza kulegea, kana kwamba inataka kulitanua taya. Kidevu kilichoungana hustahimili mvuto huo. Kwa komba hakuna mvuto wa namna hiyo.

Shambani, na daftari

Njoo sasa kwenye kazi ambayo mkulima wa Ikutha au Mtito Andei anaweza kuifanya vizuri kuliko profesa wa ng'ambo.

Okota ganda la buyu lililotupwa chini. Kwa nje lina nywele laini za kijani kilichochujuka, kwa ndani limebaki na unga mweupe na nyuzi nyekundu. Ligeuze utafute ukingo ulipoanza kupasuka. Je, kuna tundu moja lililozama, au mikwaruzo mingi mifupi iliyopangana? Tundu ni kazi ya chonge au ya gego lililopata pa kushika. Mikwaruzo ni ya meno ya mbele. Andika upande wa ganda ulioanzwa, wa kikonyo au wa ncha. Andika kama ganda ni la buyu bichi au kavu, kwa sababu ugumu ni tofauti. Na kama ulimwona aliyelipasua, andika alikuwa dume, jike au mtoto. Watoto wa nyani huachiwa mabuyu yaliyopasuliwa na wakubwa, na umri ambao mtoto anaanza kupasua lake mwenyewe ni kipimo cha taya kisichohitaji waya wala umeme.

Ukishamaliza ganda, angalia kinyesi. Sina utani. Mbegu nyingi za mbuyu hupita tumboni mwa nyani zikiwa nzima, kiasi kwamba Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wamejulikana kuziokota kwenye kinyesi cha nyani, kuziosha na kuzitwanga. Kwa hiyo nyani anayeweza kulipasua ganda si lazima aisage mbegu. Mara nyingi anachotaka ni unga. Mtu anayepima nguvu ya taya bila kujua mnyama anataka nini ndani ya tunda atapima kitu kingine.

Jihadhari na mashavu. Nyani, tumbili na kima wana vifuko ndani ya mashavu, na shambani mwako hawatafuni, wanapakia. Mashavu yakijaa mahindi hukimbilia mtini, na huko ndiko kutafuna kunakoanza. Ukihesabu tafuno ukingoni mwa shamba utaandika kwamba mnyama huyu hali. Mfuate kwa darubini hadi atulie, mtazame akisukuma shavu kwa mgongo wa mkono ili punje zirudi mdomoni, ndipo uanze: tafuno ngapi kwa kila punje kadhaa, upande gani, kwa muda gani. Na usimtupie chakula ili akae karibu. Nyani wa barabara ya Mombasa wamefundishwa na madereva kwamba gari ni sahani, na wengi hufa kwenye lami kwa sababu ya somo hilo. Linaniuma kila nikiona dirisha la basi likifunguliwa na mkono ukitoka na mkate.

Daftari hilo lisiishie kwenye msimu wa maembe. Huu ndio ushauri ninaotaka ushike kuliko yote. Huko Kibale, Uganda, Joanna Lambert na wenzake walilinganisha mangabei wa mashavu ya kijivu na kima wenye mkia mwekundu wanaoishi msitu mmoja. Walichokichapisha mwaka 2004 ni kwamba matunda yalipoadimika, mangabei, wenye meno ya ngao nene zaidi, yaani tabaka gumu la nje la jino, waligeukia magome ya miti na mbegu ngumu kuliko vile walivyokula kima. Siku za shibe zisingekuonyesha tofauti hiyo. Ukambani tuna miezi ya namna hiyo kila mwaka: kati ya Juni na Septemba, na tena Januari na Februari, na mvua ya vuli ikikataa huwa ni mwaka mzima. Andika nyani anakula nini Septemba, wakati hakuna kilichobaki ila maganda, mizizi na mbegu. Anayelinda shamba kwa kombeo tangu utotoni anayajua haya yote. Hakuna aliyemwomba ayaandike.

Taya la Kamoya

Kamoya Kimeu alizaliwa Makueni mwaka 1938. Mwaka 1960 alianza kazi na akina Leakey, familia ya watafiti wa mifupa ya kale, huko Olduvai, Tanzania. Mwaka mmoja kabla, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuwa amelipata fuvu la Zinjanthropus, ambaye leo huitwa Paranthropus boisei. Lilikuwa fuvu la ajabu: magego makubwa kupita kiasi, meno ya mbele madogo, mifupa ya mashavu iliyotanuka kupisha misuli, na utosini ukingo wa mfupa ambapo misuli ya panja ya pande mbili ilikuwa ikishikamana. Akaitwa mvunja kokwa, na jina likakaa.

Lakini fuvu lile halikuwa na taya la chini, na nusu ya wenzo haitoshi kukokotoa kitu. Januari 1964, katika msafara wa Richard Leakey na Glynn Isaac huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, Kamoya aliliona taya la chini la kiumbe wa aina ile ile, karibu zima, meno yakiwa mahali pake. Wapo waliokuwa wamesoma vyuo vikuu. Yeye alikuwa na macho, na namna ya kutembea polepole juu ya changarawe bila kuchoka kutazama. Miaka mingi baadaye wataalamu walimheshimu kwa kumpa mbega wa kale jina lake, Cercopithecoides kimeui. Alifariki Julai 2022. Ningependa kila mwanafunzi wa Wote na Emali alijue jina hilo kabla hajalijua la mchezaji wa Uingereza.

Taya la Peninj na fuvu la Olduvai viliwapa watafiti wenzo mzima, na hesabu zilizofuata zilionyesha kiumbe mwenye nguvu nyingi sana kwenye magego. Kokwa, basi? La. Mwaka 2011 Thure Cerling, pamoja na Emma Mbua, Francis Kirera, Fredrick Kyalo Manthi na wengine, walichukua unga kidogo sana wa ngao ya meno ya boisei kutoka Kenya na kupima kaboni yake. Mimea ya nyasi na jamii ya ndago huacha alama tofauti na ile ya miti na matunda yake. Meno yakasema kwamba takriban asilimia 77 ya chakula chake ilitoka kwenye kundi la nyasi na ndago. Mwaka 2014 Gabriele Macho alitumia habari za nyani wa Amboseli, ng'ambo ya pili ya vilima vya Chyulu, kuonyesha kwamba vitunguu vidogo vya ndago vingeweza kumlisha kiumbe kama yule sehemu kubwa ya mahitaji yake kwa saa chache tu za kazi kwa siku.

Kwa hiyo taya kubwa linaweza kujengwa kwa njia mbili: kwa kitu kigumu kinacholiwa mwezi wa njaa, kama huko Kibale, au kwa kitu kidogo kinachosagwa siku zote, mchana kutwa, pamoja na mchanga wake. Nguvu ya kuuma peke yake haikwambii ni ipi kati ya hizo. Chakula ndicho kinachosema, na chakula kinaonekana shambani. Unapopalilia ndago pale Kibwezi ukizilaani, na ukamwona nyani upande wa pili wa ua akizichimba, akizipangusa udongo kwa viganja kabla ya kutia mdomoni, simamisha jembe kidogo uandike saa.

Ukikuta fuvu au taya msituni, usilibebe. Kukaa na kiungo cha mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa. Weka sarafu ya shilingi 20 kando yake ili ukubwa ujulikane, piga picha ya ubavuni, ya juu, na ya meno, kisha uripoti ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana mkusanyiko wa mifupa ambao mtafiti mwenye barua anaweza kuomba kuupima kwa utulivu. Kwako, picha ya ubavuni inatosha kuanzia. Chukua rula, upime kutoka kwenye kiungo cha taya hadi gego la mwisho, halafu kutoka kiungo hicho hicho hadi kwenye chonge. Gawanya urefu wa pili kwa wa kwanza. Ukipata 2, ujue msuli ule ule unatoa kwenye gego nguvu maradufu ya ile ya kwenye chonge. Iandike tarakimu hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, na jina la jino pembeni yake.